Basi la Mlimani Lilipokatiwa Ruzuku

Abiria walimwita Mama Usukani. Kwa miaka mingi aliendesha basi la mlimani, ambalo nauli zake hazikutosha hata mafuta. Lilitembea kwa ruzuku ya serikali. Viti vingi vilikuwa vitupu, ila cha nyuma ya dereva hakikukosa mtu. Hapo alikaa fundi saa mmoja mstaafu, aliyeshuka mjini kila asubuhi kumlisha mkewe, aliyelazwa hospitali baada ya kupooza.

"Leo umenyoa, baba. Unaenda kuposa?" Mama Usukani alimtania.

"Nikizembea, mwanangu, daktari atanipiku!"

Kisha serikali ikakata ruzuku. Kampuni ikalisimamisha basi, na Mama Usukani akahamishiwa njia za mjini. Alimwomba meneja iachwe japo safari ya asubuhi.

"Dada, hata mimi sina la kufanya," meneja alisema, akiinamisha kichwa.

Mzee alijaribu kushuka kwa miguu. Magoti yakamgomea njiani, wapita njia wakamrudisha nyumbani. Mkewe akafariki kabla hawajaonana tena.

Siku ya mazishi, Mama Usukani alimwendea mzee, akamshika mkono. "Nisamehe, baba."

"Wewe hujanikosea kitu, mwanangu," mzee alisema. "Ila nesi ananiambia, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, mwenzangu aligeuza macho kuangalia."

Mama Usukani akaketi kando yake, wakalia wote wawili.