Koili ya Mama na Maji ya Melini

Mwanangu, mpaka leo naikumbuka vizuri ile asubuhi niliyokutwa na koili ndani ya meli. Unacheka? Cheka tu. Koili naisema ile ile unayoijua, ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuchomeka kwenye soketi, ambayo karibu kila nyumba ya kupanga hapa Ruiru inayo. Nilikuwa msichana mbichi kabisa, nimetoka Gitothua kwenda kusafisha vyumba kwenye meli ya watalii, zile kubwa zinazobeba watu wa kujaza mtaa mzima. Na kwa ajili ya kikoili hicho, kidogo nirudishwe nyumbani kabla hata sijaizoea njia ya kwenda kula.

Ngoja nikueleze kilifikaje huko. Baba yangu alitoka Bungoma kuja kutafuta kazi ya kiwanda Thika, na sisi tukazaliwa huku huku. Nikiwa bado shuleni, ndugu yangu Wafula alikunywa maji ya mfereji, akahara mpaka macho yakaingia ndani. Tulidhani tumempoteza. Alipona, namshukuru Mungu, na ndiye huyo anayekuchosha na habari za mpira kila Jumapili. Lakini tangu wakati huo mama hakuamini tena mfereji wowote. Maji ya kunywa yalichemshwa, ya kupiga mswaki yalichemshwa, na mgeni akifika kabla maji hayajapoa alitumiwa mtu dukani akamletee soda, maana soda ina kifuniko na imefungwa kiwandani. Ndivyo tulivyolelewa, na sioni aibu kusema.

Nilipopata kazi ya meli, mama aliifungia koili katikati ya nguo zangu. "Nafula," akaniambia, "maji ya huko uchemshe. Hata kama ni ya wazungu, wewe chemsha tu."

Chumba nilipewa pamoja na Wanjiku, msichana wa Murera, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Swali moja lilinishika tangu siku ya kwanza: maji haya yote yanatoka wapi? Nyumbani nilijua. Mfereji ukikauka unangoja lori la maji, au unabeba mtungi kwa jirani mwenye kisima. Lakini hapa watu walioga walivyopenda, bwawa la kuogelea limejaa pomoni, jikoni sufuria zinaoshwa kutwa, na sisi tuko katikati ya bahari ambako hakuna lori wala jirani. Niliwaza labda kuna tangi kubwa linalojazwa bandarini. Lakini tangi gani hilo lisiloisha? Wanjiku akaenda kumuuliza mtu wa jikoni, akarudi amekunja uso.

"Ngai, Nafula! Ati ni maji ya bahari. Wanaitoa hapo tu nje."

"Hapo nje tunapomwaga uchafu wetu?"

"Mimi sijui. Lakini nimekunywa na sijakufa."

Nilionja tone moja kwa ncha ya ulimi. Hayakuwa na chumvi. Basi hilo ndilo lililonitisha zaidi! Maji ya bahari yasiyo na chumvi, yametiwa dawa gani hayo? Ningeweza kumuuliza mtu anayejua, lakini nilichelea kuonekana mshamba. Kwa hivyo maji ya kumezea dawa na ya kupigia mswaki niliyachemsha kwa koili, kwenye ndoo ndogo karibu na mlango wa bafu. Na kiu ya mchana niliikata kwa soda. Kwenye ukumbi wa kulia wa wafanyakazi kulikuwa na mashine ya soda, unabonyeza na gilasi inajaa. Nilikunywa soda kama niliyeajiriwa kuimaliza. Jino likaanza kuuma, tumbo likajaa gesi, na Wanjiku akaniita Mama Soda mbele za watu.

Sasa, vyumba vya wafanyakazi melini hukaguliwa, na kitu wanachokiogopa kuliko vyote ni moto, maana ukiwaka baharini huna pa kukimbilia. Hata pasi huruhusiwi kuiweka chumbani. Asubuhi hiyo msimamizi wetu, mama mmoja wa Ulaya, mrefu, mwenye maneno machache, alifungua mlango akanikuta nimeinamia ndoo, waya uko ukutani. Aliuchomoa, akaichukua koili, akaniambia nifike ofisini kwake nikimaliza zamu ya mchana. Kesho yake tulikuwa tunaingia bandarini. Wanjiku, naye kwa mara ya kwanza amepunguza sauti, akaniambia watu wa kosa kama hilo huteremshwa hapo hapo na kupandishwa ndege ya kurudi kwao.

Mwanangu, niliogopa sana. Kufukuzwa ningevumilia. Lakini nilimfikiria mama pale Gitothua akijua kwamba koili aliyonifungia kwa mapenzi ndiyo iliyoninyima kazi, na akijilaumu mpaka kaburini. Zamu ilipoisha niliketi kwenye ngazi za wafanyakazi, gilasi ya soda mkononi, nikalia bila kujificha.

Ndipo akapita Mzee Shabani, mtu wa Mombasa mwenye mvi tele, fundi aliyehudumia mitambo ya maji huko chini. Tulikuwa tukisalimiana tu kama Wakenya wawili waliokutana mbali.

"Walia nini, binti yangu?"

Nilimweleza yote, kuanzia Wafula mpaka koili. Nilitegemea anihurumie. Wapi! Alinikaripia. "Hofu umeifuga wewe mwenyewe. Mimi niko hapa chini siku zote, lugha twaelewana, na hukuja kuniuliza. Haya, inuka. Utalia ukishaona."

Alimwomba ruhusa mkubwa wake, akanipa vya kuziba masikio, tukashuka. Nilichokiona huko sijakisahau. Alinionyesha bomba linalovuta maji ya bahari, akanieleza kwamba hayavutwi bandarini wala karibu na pwani, hungoja meli ifike mbali ambako maji ni safi. Kisha akanionyesha mtambo mkubwa wa chuma. Joto la injini, lile ambalo lingepotea bure, ndilo linalopasha maji ndani yake. Hewa imepunguzwa humo, kwa hivyo maji huchemka mapema, mvuke unapanda, chumvi inabaki chini. Mvuke ukigusa mabomba ya baridi unageuka matone, kama yale unayoyaona chini ya mfuniko ukifunua sufuria ya githeri.

"Kwa hivyo yanachemshwa?" nilipiga kelele kwa furaha.

"Yanachemka, lakini si kwa joto la jikoni kwenu," akanirekebisha. "Ndiyo maana twatia klorini ya kuua vijidudu, na tunayapima. Usichukue nusu ya jibu ukakimbia nayo."

Kando yake kulikuwa na mtambo mwingine, unaosukuma maji kwa nguvu kwenye vichujio vyembamba mno, chumvi inazuiwa upande huu na maji yanatokea upande wa pili. Akaniambia maji yanayotoka kwenye mitambo hiyo hayana ladha kabisa, hupitishwa kwenye mawe ya chokaa ili yarudishiwe madini. Bandarini nako mara nyingine huongeza mengine, lakini si kabla ya kuyapima. Niliuliza hiki, nikauliza kile. Sikujua nina maswali mengi hivyo tumboni.

"Na hiyo soda yako," akasema, "waijua itokako?"

Alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko. Soda za mikebe, alisema, hupakiwa bandarini zikiwa tayari. Lakini ile ya kubonyeza hutengenezwa humu humu. Kulikuwa na maboksi yenye mifuko ya plastiki ndani, imejaa sharubati nzito, na mitungi ya gesi imefungwa ukutani. Mipira myembamba ilitoka kwenye kila kimoja ikaenda kukutana kwenye mashine.

"Na huu mpira wa tatu?" nikauliza.

"Maji."

"Maji gani?"

"Ni mangapi unayoyajua humu ndani?"

Niliitazama gilasi niliyokuwa nayo, machozi hayajakauka usoni, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nimeyakimbia maji ya bahari kwa kunywa maji ya bahari yaliyotiwa sukari! Mzee naye alicheka, kisha akaniambia niende kwa msimamizi nimweleze kama nilivyomweleza yeye, bila kupunguza wala kupamba.

Nilikwenda. Kosa la moto sikulikataa. Nilimwambia kwetu mtu akikupa maji ya mfereji hayajachemshwa anakuwekea mauti kwenye gilasi, nikamwambia habari ya ndugu yangu, nikamwambia na nilichokiona huko chini. Halafu, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikamuuliza: "Wafanyakazi wapya wakipanda, nani huwaambia maji yanatoka wapi?"

Alikwenda kwenye sinki iliyokuwa pembeni, akafungua bomba, akajaza gilasi mbili. Yake akainywa yote, nyingine akaisukuma mbele yangu. Niliishika kwa mikono miwili, mwanangu, nisikudanganye. Akilini nilimwona Wafula amelala kitandani, macho yameingia ndani. Nikanywa mpaka tone la mwisho.

Akaniambia nimepata onyo, na koili sitaiona tena. Kisha akasema kesho wakipanda wafanyakazi wapya, mimi ndiye nitakayewaeleza habari ya maji, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Kesho yake bandarini nilimpigia mama simu, nikamweleza mtambo wote, mvuke, mawe ya chokaa, na klorini. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni vizuri," akasema. "Sasa usisahau kuchemsha." Nilimpenda mno siku hiyo.

Basi, kwa kuwa nawe sasa unaondoka nyumbani, nakuachia haya. Ukifika ugenini, sheria ya mahali ifuate kwanza, halafu ulizia sababu yake. Kile usichokielewa usikinywe kwa woga wala usikikimbie kwa woga. Mtafute anayekishughulikia kwa mikono yake, umuulize mpaka akuonyeshe. Watakaokucheka watachoka, na wewe utakuwa umeshajua. Na ukishakuwa mwenyeji, mgeni akifika usingoje akosee ndipo umwambie.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie nchi kavu na majini. Akupe kiu ya kujua isiyokatika, na kila utakapouliza, akukutanishe na mtu asiyeona uvivu kushuka nawe mpaka chini akuonyeshe.