Mgongo wa Baba

Miaka michache baada ya uhuru, baba yangu, mwalimu wa shule ya Msambweni, alibanwa na kifua akiwa darasani. Tulimvusha kwa feri ya Likoni hadi hospitali moja ya Mombasa, jasho likimtiririka, na bado akimsahihisha dereva Kiswahili.

Daktari alisema damu imeganda kwenye mshipa wa moyo. Alikuwa na dawa ya kuiyeyusha, ngeni bado wakati huo, ya kutiwa kwa dripu. Akauliza kama mgonjwa ana kidonda au amekatwa popote karibuni. Baba akatikisa kichwa. Mimi kwa kuuliza sina haya, nikataka kujua dawa inatambuaje kwamba damu ya kuyeyusha ni ile ya moyoni tu.

"Haitambui," daktari akasema. "Ndiyo maana nimeuliza."

Maumivu yalipungua, baba akaomba chai, nami nikafurahi mno. Kisha muuguzi akamgeuza ili abadilishe shuka, akamwita daktari mbio. Fulana na godoro vilikuwa vimelowa damu. Kati ya mabega, chale za wembe zilikuwa zikichuruzika. Dawa ilikuwa imeyeyusha na ile damu iliyoziba chale. Baba, aliyewakemea wanafunzi miaka nenda miaka rudi kwa kwenda kuumikwa, yaani kuchanjwa na kubandikwa pembe ya kunyonya damu, alikuwa ameumikwa jana yake.

Wakafunga dripu, wakaugandamiza mgongo kwa vitambaa, wakamwongezea damu. Niliogopa sana. Uso ulikuwa umempauka na hakuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu yeyote.

Alasiri damu ikakoma, na daktari akasema atapona. Shangazi, dada yake baba, aliyemuumika kwa mkono wake mwenyewe, akafika akilia. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwonyesha nilichokuwa nimekiona pembeni mwa bandeji: makovu madogo madogo, safu juu ya safu.

"Na haya ya zamani, shangazi?"

Alijifuta macho kwa leso. "Huja kwangu kisirisiri, mwanangu. Tangu marehemu mamako alipotutangulia. Husema kifua chamuuma, na wewe usiambiwe."

Mama alifariki kabla ya uhuru. Matangani baba hakutoa chozi, na watu wakamsifu kwa subira yake. Nilichukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikampangusa makovu yale polepole, naye akajifanya amelala.