Pima Tena na Sketi ya Redio

Mwanangu wa mwisho ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pima Tena. Jina hilo hakupewa na adui. Nililianzisha mimi mama yake, siku alipomsimamisha jirani yetu mmoja mwenye tumbo katikati ya chumba kwa ajili ya suruali moja tu. Akampima kiuno, akaandika. Akampima tena, akafuta. Akavuta futi mara nyingine, mpaka jirani akasema, "Fundi, fanya haraka, nitakonda hapa hapa vipimo vibadilike." Nikacheka, nikasema pima tena, baba, pima tena. Jina likatoka nje kabla sijafunga mdomo.

Kuchagua hajui. Alipokuwa mdogo nilimwekea mashati mawili kitandani avae moja twende misa. Nikaoga, nikavaa, nikafunga kitambaa kichwani, narudi namkuta kifua wazi, analia, mashati yote mawili kayakumbatia. Hata kuoa hakuoa, aliolewa. Mkwe wangu ni muuguzi, mwanamke asiye na muda wa kuchezea. Alimwambia, "Jumamosi ile nitakuwa kanisani nimevaa gauni. Na wewe ukiwepo itapendeza." Akawepo, tena gauni lenyewe alilishona yeye.

Lakini msimcheke sana, maana kumcheka ni kazi yangu. Mshikisheni mkasi ndiyo mtamjua. Ana meza ya kukatia aliyoitengeneza kwa mlango wa zamani, tundu la kitasa bado lipo. Anaweza kukizunguka kitambaa hapo mezani tangu asubuhi, anachora kwa chaki, anafuta, anachora. Ila meno ya mkasi yakishaingia, anageuka mtu mwingine. Hasiti, haulizi, hata ukimwita haitiki. Anasema kitambaa kilichokatwa kimeshaamua, yeye kazi yake kumalizia. Hili likumbukeni.

Huyu fundi ana binti mmoja, mjukuu wangu, na nyumbani tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Maswali yake hayana Jumapili. Mafundisho ya komunyo wenzake waliyamaliza mapema, yeye akabaki nyuma, siyo kwamba hakuelewa, bali padre alikuwa hajamaliza kumjibu.

Alipomaliza shule ya msingi alifaulu vizuri, nami sikushangaa, kichwa kile kakitoa kwangu. Akafanya mtihani wa shule mbili za masista, zote za bweni, za wasichana watupu, zote zinasifika kwa kumchukua mtoto na kumfikisha mlango wa chuo kikuu. Zikamkubali zote mbili. Karo sawa, umbali sawa, moja upande huu wa mji, nyingine upande ule. Mungu naye ana utani, kumtupia mtu kama mwanangu jambo la namna hii.

Na siyo hilo tu. Sare za shule zote mbili anashona yeye. Moja sketi zake ni rangi ya damu ya mzee, na watu wameshalisahau jina lake la mtakatifu, wanaiita Damu ya Mzee. Nyingine wanaiita Bluu. Nyumba yetu yote inavaa masalia ya shule hizo: mapazia damu ya mzee, foronya bluu, na shimizi yangu mimi msiniulize. Kila alipopeleka mzigo wa sketi, sista mkuu wa huko alimwuliza, "Binti anakuja kwetu, siyo, fundi?" Naye akajibu, "Mungu akipenda, Sista." Akajibu hivyo huku, akajibu hivyo kule. Mungu amewekwa shahidi kwenye shule mbili.

Zote zilitaka jibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Asiyejibu, nafasi yake anapewa mwingine, na foleni ya waliokuwa wakiisubiri ilikuwa ndefu. Yaani Pima Tena akiendelea kupima, Redio angebaki nyumbani na akili zake zote, akisikiliza cherehani.

Mkwe wangu aliosha mikono mapema. "Nimemwamulia harusi," alisema, "nimemwamulia nyumba, nimemwamulia hata daktari wa meno. Hili la mtoto aamue mwenyewe, la sivyo atakuwa baba lini?"

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Damu ya Mzee. Nilishawatangazia kina mama wote wa jumuiya, na nikishasema sirudi nyuma.

Tulikwenda kuziona, mimi, fundi na Redio. Damu ya Mzee sakafu inang'aa, unajiona mpaka pengo. Wasichana wanapita kwa mstari, viatu havilii. Sista mkuu sauti yake kama mtu anayepuliza chai. Redio akauliza, "Sista, kwa nini kengele inagongwa mara tatu?"

"Kwa sababu ndivyo inavyogongwa, mwanangu."

Nikamgusa fundi ubavuni. "Umesikia? Jibu ndilo hilo."

Kule Bluu tulipokelewa na makelele. Wasichana wawili wanabishana kwenye ngazi juu ya mambo ya mwezi na maji ya bahari, hakuna anayewanyamazisha. Nikauliza sista mkuu yuko wapi, nikaonyeshwa mwanamke aliyepiga magoti kwenye pampu ya maji, mikono imekunjwa, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikajisemea, huyu ni mpishi kavaa shela ya mwenzake.

"Sista, pampu imekufaje?" Redio akauliza.

"Wewe unaonaje?"

Redio akasogea kwenye pampu. Akachuchumaa. Wakaanza kusemezana wawili kama mafundi wa siku nyingi, mimi nimesimama na mkoba wangu kama abiria aliyeachwa.

Baadaye wakamwingiza kwenye chumba cha sayansi, wakamwekea ganda la kitunguu chini ya darubini. Akainamia. Nikangoja maswali. Nikangoja. Redio ilikuwa imezimika. Nikakohoa, hakugeuka. Tangu mtoto yule azaliwe sijawahi kumwona kanyamaza vile akiwa hajalala. Nikatazama dari. Niliyaona, lakini sikuwa tayari kuyaona.

Njiani nikasema, "Kitunguu hata nyumbani kipo."

"Kipo, Bibi," Redio akajibu, "lakini nyumbani tunakila tu."

Basi Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Fundi kaweka vitambaa viwili kwenye ule mlango wake. Anampima Redio sketi ya damu ya mzee, anaandika. Anampima ya bluu, anaandika.

"Baba, kiuno ni hiki hiki kimoja," Redio akamwambia.

"Geuka."

"Ukinipima tena nitakuwa nimeshakua."

"Geuka, nimesema."

Alhamisi mchana fundi katoka kununua vifungo. Nikaona hapa bila mtu mzima mambo yataharibika. Nikamwita Redio chumbani kwangu, nikafunga mlango.

"Mke mwenzangu, njoo. Baba yako haamui kwa kichwa, anaamua kwa mkasi. Umenielewa?"

"Bado."

"Kesho tukiwa kwenye chai, wewe pita pale mezani, chukua mkasi, king'ate kitambaa. Kikishakatwa, yeye atamalizia. Halafu mimi sikukwambia kitu."

Akanitazama, akatabasamu. Nikambusu paji la uso. Rangi sikumtajia. Nilidhani rangi ya bibi yake anaijua.

Ijumaa asubuhi tuko jikoni. Mkwe wangu katoka zamu, miguu kaiweka kwenye beseni la maji ya moto. Fundi anakoroga chai isiyo na sukari, anakoroga tu. Mara tukasikia chumba cha mbele: kacha, kacha, kacha. Mkasi juu ya mbao. Nikatabasamu ndani ya kikombe changu.

Fundi aliruka, kiti kikaanguka. Sisi nyuma yake, mkwe wangu anadondosha maji. Redio amesimama pale mezani na ule mkasi mkubwa kwa mikono miwili, jasho puani. Mbele yake kitambaa kimepasuliwa kutoka upande huu hadi ule, kimepinda kama njia ya mlevi.

Bluu.

"Nilisema damu ya mzee!" nikapiga kelele.

 Mkwe wangu akanigeukia polepole. "Ulimwambia nani, Mama?"

"Nani? Mimi? Nilikuwa nasema tu."

Mkwe wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakalia kiti cha wateja. Fundi hakucheka. Kile kilikuwa kipande cha mwisho cha bluu, jora jipya lilikuwa halijafika. Akakiinua, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa nini bluu?" akamwuliza binti yake. Siyo kwa hasira. Kama mtu anayetaka kujua.

Redio akaweka mkasi chini. "Kule kwingine wataninyoosha, Baba. Nitapendeza. Kule Bluu nikiuliza, na wao wananiuliza. Nilipotoka pale nilikuwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo." Akaitazama futi shingoni mwa baba yake. "Na wewe ungepima mpaka saa sita ipite. Nilikuwa naogopa."

Fundi aliliangalia lile neno "naogopa" kama vile lilikuwa limechorwa kwa chaki mezani. Mimi nilikuwa na la kusema, nikaliacha. Nilikikumbuka kile kitunguu.

"Hujaacha pindo," fundi akasema.

"Nini?"

"Pindo. Umekata fupi. Masista watakurudisha getini." Akavua futi shingoni, akaitundika msumarini, akashika mkasi. "Sogea."

Hakupima. Alinyoosha yale mapindapinda kwa jicho, akakunja marinda, akakaa kwenye cherehani. Bluu haikutosha pindo, akachukua ukanda wa damu ya mzee akaushonea kwa ndani, usionekane. Kabla ya saa sita alikuwa amefika Bluu kusema ndiyo. Kisha akaenda Damu ya Mzee kusema hapana, mwenyewe, kwa mdomo wake, neno ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote. Alirudi shati limelowa mgongoni.

"Sista kasemaje?" nikamwuliza.

"Kaniuliza sketi zake zitakuwa tayari lini."

"Basi?"

"Basi."

Nami nasema mpaka leo, Damu ya Mzee ndiyo shule bora. Sakafu ile siyo mchezo. Kina mama wa jumuiya waliponiuliza, niliwajibu kwamba mjukuu wangu anavaa kitambaa cha Damu ya Mzee kila siku ya Mungu. Sikusema anakivaa upande gani.

Redio alikuja likizo ya kwanza kakonda kidogo, maneno yameongezeka. Akatusimulia ukaguzi wa siku ya kufungua shule. Walipigishwa magoti mstari mzima, sketi zikaguliwe kama zinagusa chini. Sista mkuu akafika kwake, akaona uzi, akapindua pindo.

"Hii rangi ya jirani zetu inafanya nini huku ndani?"

"Huyo ni baba, Sista," Redio akamjibu. "Bado anapima."

Sista akacheka mpaka akashika msalaba wake. Halafu akamwuliza, "Sasa tulifumue au tuliache? Wewe unaonaje?"

"Mimi, Bibi!" Redio akaniambia, macho yamemtoka. "Kaniuliza mimi ninaonaje!"

Nikamwambia anywe chai, inapoa.