Kitenge Changu kwenye Kamba ya Bafuni

Jamani, hadi leo nina hasira. Nilikwenda Italia kwenye mahafali ya wifi yangu Tekla, tukafikia nyumba ndogo ya wageni katika mji wa kale wa Siena. Chai ya asubuhi ilikuwa na biskuti kavu tu! Mimi mtu wa Kinole, niliyezoea mihogo na ndizi za kuchemsha!

Nikaingia bafuni nimenuna, nikafua kitenge. Pembeni ya bafu ilining'inia kamba. Nikasema afadhali, angalau kuanika wanajua. Nikakifunga pale kikichuruzika maji.

Kengele ikaanza kulia. Mji ule una makanisa kila kona, kwa hiyo nikaendelea kujipaka sabuni. Mara mama mwenye nyumba akagonga mlango kwa fujo, "Sinyora! Sinyora!"

"Chakula mnatunyima, na maji pia?" nikafoka kwa Kiswahili.

Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo wa akiba. Akaingia yeye, mumewe na sanduku la dawa, na Tekla akilia.

"Wifi, umeumia? Hiyo kamba ni ya kuitia msaada mtu akianguka!"

Nami nimesimama mbele ya mume wa watu, nimevaa povu.