Uwanja wa Nyasi Unaosawazishwa na Waongo

Kila neno lililomo humu ni la kweli, na mwandishi yuko tayari kuliapia mbele ya wazee wa kanisa wa Hasamba nzima. Asiyeamini apande gari mpaka Vwawa, achukue bodaboda, aulizie uwanja wa Mama Enesi. Atapelekwa bila hata kumaliza kuuliza.

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa. Ukungu haujaondoka juu ya mibuni, na Enesi Nzowa, mwenye miaka 58, ameshauzunguka uwanja mara nne. Amevaa gambuti, sweta mbili na kitenge kilichofungwa juu ya suruali ya marehemu mumewe.

Anapiga magoti. Anachomeka kidole ardhini mpaka fundo la pili, anakichomoa, anakitazama. Anainuka, anatembea hatua sita, anapiga magoti tena.

"Unyevu upo," anasema, "lakini haunisubiri mimi. Jua likishika saa tano, ardhi hii inakuwa tofali. Hapo hata ukiipitishia treni haisikii."

Huu ni uwanja wa tenisi wa nyasi, ukoka mtupu, katikati ya mashamba ya kahawa. Kila mwaka mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika na nyasi bado ni za kijani, huchezwa hapa mashindano ya Kombe la Sufuria. Wachezaji hutoka Mkwajuni, Tunduma na ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

Leo saa nane mchana, Katibu wa kamati ya mashindano, Gwakisa Mwampashi, atakuja na mpira mmoja mpya. Ataudondosha kutoka usawa wa kichwa chake katika sehemu tisa za uwanja. Ukidunda mpaka gotini sehemu zote tisa, mashindano yatabaki hapa. Ukishindwa hata sehemu moja, mwaka huu na miaka yote ijayo yatahamia Tunduma, kwenye uwanja wa saruji uliojengwa nyuma ya nyumba moja ya wageni kule Chapwa.

Mama Enesi ameutunza uwanja huu kwa miaka 31. Kamati humlipa shilingi 90,000 kwa mwezi, kwa miezi sita tu ya msimu. Siku za mashindano huuza chai, mihogo na maharage, na fedha hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake Atupele mpaka chuo cha uuguzi.

"Saruji haihitaji mtu," anasema huku akitembea. Hajakaa tangu mwandishi afike. "Haikatwi, haimwagiliwi, haiugui. Mimi nitakwenda Chapwa kufanya nini, kuifagia?"

Historia ya mashindano haya iko kwenye ukuta wa stoo ya vifaa, imeandikwa kwa rangi, mwaka mmoja baada ya mwingine. Uwanja wenyewe ulipandwa mwaka 1956 na wenye shamba la kahawa la wakati ule, waliocheza wao na wageni wao. Wafanyakazi waliruhusiwa kukata nyasi na kuokota mipira. Wenye shamba walipoondoka, waokota mipira waligundua kwamba wanaujua mchezo kuliko walivyodhani.

Kombe la kwanza lilichezwa mwaka 1968. Kwa kuwa hapakuwa na kikombe, mshindi alipewa sufuria ya kupikia watu hamsini, akaambiwa awapikie. Utaratibu huo unaendelea mpaka leo. Anayeshinda ndiye anayepika, na wapo wachezaji wazuri tu ambao wake zao huwaomba washindwe.

Lakini kilichoufanya uwanja huu uwe uwanja ni rola ya kushindilia ardhi.

Ni kipande cha bomba la kalavati kilichojazwa zege, kina mikono miwili ya chuma, na kwenye mzani wa kahawa kilionyesha kilo 120. Mwaka 1969 wachezaji wawili waligombania mpira mmoja, huyu akisema umeingia, yule akisema umetoka, mpaka jua likazama. Mnyapara aliyekuwa akiamua akawafunga wote wawili kwenye rola, wavute mpaka mmoja akiri. Walikiri wote.

Tangu hapo ikawa sheria, nayo iko ukutani pamoja na majina ya washindi: Mwenye kusema uongo ndani ya uzio atavuta rola, uzio hadi uzio, njia moja kwa uongo mmoja.

Tenisi ya hapa haina waamuzi wa mistari. Mchezaji husema mwenyewe kama mpira umetoka. Kwa hiyo kwa miaka hamsini uongo haukukosekana, rola haikupumzika, na uwanja ulikuwa umenyooka kama meza ya karani.

Kisha zikaja simu.

"Vijana walianza kurekodi," anaeleza Mama Enesi. "Mpira ukitua karibu na mstari, mtu anatoa simu, anairudisha picha polepole, ukweli huo hapo. Nani atadanganya tena? Mwaka juzi mashindano yote nilipata waongo watatu. Mwaka jana mmoja, tena alikuwa mchungaji, akadai alikosea."

Uwanja ukaanza kuumuka. Fuko wakachimba njia zao upande wa mashariki. Mwaka jana mchezaji mmoja wa Nakonde aliukimbilia mpira, mpira ukagoma kudunda, ukalala kama umefika nyumbani. Malalamiko yakafika kwenye kamati.

Msomaji atauliza kwa nini watu wasiivute tu rola bila kosa. Mwandishi aliuliza hivyo hivyo.

"Nani?" Mama Enesi alijibu. "Ukionekana katikati ya ile mikono, watu hawaulizi kama umedanganya. Wanauliza umedanganya nini. Mwaka jana nilijaribu mwenyewe, njia mbili tu. Jioni wakaja akina mama wa kwaya kuniombea."

Uwanja una njia kumi na tatu za rola. Kwa hesabu ya Mama Enesi, alihitaji uongo kumi na tatu kabla ya saa tano. Ndipo alipowaalika wachezaji wa zamani waje kusimulia historia ya mashindano, akawaambia kwamba itatoka gazetini.

Wa kwanza kuingia getini ni Mzee Jofrey Msongole, miaka 71, dereva wa malori aliyestaafu. Hakungoja hata kusalimiwa vizuri.

"Andika hivi," alimwambia mwandishi. "Mwaka 1976 nilianzisha mpira kwa nguvu ukapasua wavu, ukapita mibuni, ukaja kupatikana Mlowo ndani ya gunia la mahindi."

"Mlowo," alisema Mama Enesi.

"Mlowo, Mama Atupele. Gunia limeshashonwa."

"Limeshashonwa, na mpira ukaingia."

Mzee Jofrey alifikiri kidogo, akavua koti.

Wa pili ni Mwalimu Rubeni Mgala, aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka 35. Yeye alianza taratibu, kwa sauti ya darasani. Fainali ya mwaka 1971, alisema, ilianza Jumamosi ikaisha Jumanne. Wachezaji walichoka mpaka mpira mmoja ukakaa pembeni ya wavu tangu asubuhi ya kwanza, kuku akaulalia pamoja na mayai yake, na kabla ya seti ya mwisho vifaranga wakawa wanatembea uwanjani.

"Wangapi, Mwalimu?"

"Saba."

"Na ni Jumanne ile ile?"

"Jumanne hiyo hiyo."

"Kuku huatamia siku ishirini na moja, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mwalimu aliishika rola bila kubisha. Akiwa katikati ya uwanja alisimama, akageuka. "Enesi, hii historia ni ya gazeti kweli?"

"Ya gazeti. Vuta, Mwalimu, unyevu unakwenda."

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Mama Enesi hakutulia. Mara yuko mbele ya rola akiokota vijiwe, mara yuko nyuma akipima kwa kidole, mara anarudi kwa wazee kuuliza swali jingine. Swali lake lilikuwa dogo tu, kisha ananyamaza, na ule unyamavu ulikuwa kama mlango ulioachwa wazi. Wazee hawakuweza kuupita bila kuingia.

Mzee Jofrey alivuta njia saba. Aliwahi kumshinda mtu akiwa ameshika raketi kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili. Aliwahi kucheza mvua ikinyesha upande wa mpinzani tu. Mwalimu Rubeni alivuta njia tano, kisha akazinduka. Kuanzia saa nne na nusu alianza kusema kweli tupu, na kila alipofungua mdomo akataja tarehe sahihi.

"Ameniharibikia," Mama Enesi alinong'ona.

Saa tano jua lilishika. Njia kumi na mbili zilikuwa tayari. Iliyobaki ni ya mwisho mashariki, ile ya fuko. Mzee Jofrey alikuwa amelala chali juu ya magunia.

"Mama Atupele, uongo ninao," alisema macho yamefungwa. "Mgongo ndio sina."

Saa nane kamili Gwakisa alifika kwa pikipiki. Ni mtu wa miaka arobaini na kidogo, mfanyabiashara wa pembejeo, na hana ubaya wowote.

"Shikamoo, mama. Usinione adui."

"Marahaba. Nakuona una mpira. Dondosha."

Alidondosha. Sehemu ya kwanza, goti. Ya pili, goti. Ya tatu ikapita goti, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji zaidi. Mama Enesi alimfuata kila hatua, mikono nyuma, vidole vikifinyana. Ya nane, goti.

Ya tisa ilikuwa juu ya njia ya fuko. Mpira ulianguka kwa sauti nzito, ukainuka mpaka katikati ya ugoko, ukarudi chini.

"Mama," Gwakisa alianza, "goti liko huku juu."

"Najua goti liko wapi. Nipe nusu saa."

"Kamati ilisema saa nane."

"Haikusema na dakika ngapi. Kaa, unywe chai."

Gwakisa aliitazama chai, akaitazama mihogo, akakaa. "Nikimaliza hiki kikombe, mama, napiga simu Tunduma."

Mama Enesi alimwaga ndoo mbili za maji juu ya njia ile, polepole, kutoka uzio hadi uzio. Akachomeka kidole. Akangoja. Akachomeka tena. Kisha akaja mpaka alipokaa mwandishi wa makala haya, ambaye ni mstaafu wa posta na kwa siku nzima alikuwa akiandika ya wenzake. Akammiminia chai. Akamwongezea sukari bila kuulizwa.

"Na wewe, baba, lako hujasema," alisema. "Miaka ile ya themanini nasikia ulikuwa unacheza."

Mwandishi alikiri kwamba alicheza.

"Ulifika wapi?"

Mwandishi alijibu kwamba mwaka 1984 alifika nusu fainali, na angeingia fainali kama si upepo.

"Ulicheza na nani?"

Na Mzambia mmoja mrefu, wa mkono wa kushoto.

"Nyasi zilikuwaje mwaka ule?"

Nzuri kupita kiasi, alijibu mwandishi. Za kijani kama zulia la ofisi ya mkuu.

Mama Enesi alikwenda kwenye stoo, akaufungua mlango wote, jua likaangukia ukutani. Palikuwa na jina la mshindi wa 1983. Palikuwa na jina la mshindi wa 1985. Katikati yao, kwa rangi nyekundu, paliandikwa: 1984, VIWAVIJESHI. HAKUNA MASHINDANO.

Mwaka ule, Mwalimu Rubeni alieleza kwa ukweli wake mpya, viwavi walitoka kwenye mahindi wakaumaliza uwanja kwa siku mbili. Haukubaki hata unyasi wa kuchokolea meno.

Mzee Jofrey alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zikamkumbusha mgongo.

Mwandishi aliweka kalamu chini. Mikono ya rola ilikuwa ya moto kwa jua. Hatua kumi za kwanza zilikwenda kwa aibu, zilizofuata kwa nguvu za magoti, na katikati ya njia ardhi ilisikika ikishuka chini ya zege, mashimo ya fuko yakijifunga moja moja kama milango. Mama Enesi alitembea pembeni, ameinama, hamtazami mvutaji, anatazama ardhi. "Usisimame, baba. Ukisimama unaacha shimo. Twende. Twende."

Rola ilipofika uzioni, Gwakisa alikuwa amebakiza mafunda mawili. Alisimama juu ya njia ile, akainua mpira usawa wa kichwa, akauachia.

Uligusa goti lake. Akaudondosha tena, ukagusa. Akaudondosha mara ya tatu, labda kwa kujiridhisha, labda kwa sababu Mama Enesi alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge na asingeweza kumpa jibu bila uhakika.

"Ni hapa," alisema. "Nawapigia watu wa Nakonde. Jumamosi ijayo, ni hapa."

Ndipo Mama Enesi alipokaa, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alikaa papo hapo kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele. Lakini hakukaa sana.

Ana mpango. Kwenye kikao kijacho ataiomba kamati ipitishe sheria moja tu: simu zote zibaki getini, kwenye kapu, atazilinda mwenyewe. "Watu waje wacheze kama zamani," anasema. "Mpira umeingia, umetoka, tutaelewana. Mimi sitaki wawe wabaya. Nataka njia kumi na tatu kwa mwaka, basi. Atupele ananiambia nikapumzike kwake Mbeya. Nitapumzika rola ikipata watu."

Gwakisa aliahidi kulipeleka ombi hilo. Kisha akamgeukia mwandishi, ambaye bado alikuwa ameuegemea uzio, shati limemganda mgongoni, akamuuliza kwa upole kama amechoka sana.

Mwandishi alijibu kwamba hajachoka hata kidogo.

Mama Enesi aliinuka, akaigeuza rola ikaelekea ilikotoka, akasogea pembeni kumpisha.