Papa wa Mzazi

Papa mkavu ananuka, na anayesema hanuki hajawahi kumloweka. Ananuka mkojo wa jana. Harufu hiyo nimekua nayo Kisarawe na haijawahi kunikera. Kilichonitia kinyaa safari hii hakikuwa harufu.

Binti yangu alijifungua, akaja kukaa arobaini kwangu Mkuza. Maziwa yakagoma. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nesi alisema tuvumilie, tuzidi kumweka titini. Mkwe wangu, mama wa mume wa binti, hakuwa na subira hiyo. Alikuja kutoka Mzenga na kapu lake, maana kwao kama kwetu, mzazi asiye na maziwa hupikiwa papa wa nazi, na papa huyo lazima awe na kichwa. Asiye na kichwa huenda ni taa, yule samaki bapa, aliyekatwakatwa na mchuuzi mjanja, na nani atamlisha mzazi taa?

Basi mkwe alimwagiza mchuuzi vichwa viwepo, na vilikuwepo. Nilifungua gazeti lililokuwa kapuni nikakuta papa nyundo, vichwa vimetanuka, jicho moja huku, jingine kule. Hakuna aliyefika urefu wa mkono wangu.

Nimefundisha baiolojia hadi kustaafu. Najua papa nyundo wako wa aina kadhaa, na kwamba wale wakubwa, ambao utotoni mwangu kipande kimoja kilijaza sinia, sasa wamebaki wachache mno baharini. Nikamgeuza mmoja. Katikati ya mapezi ya kifuani palikuwa na kovu la kitovu, halijafunga vizuri. Papa nyundo hatagi. Huzaa, na watoto wake hukaa tumboni wameshikwa na kitovu kama sisi. Hawa walikuwa wamezaliwa juzijuzi tu. Mtu alitandaza nyavu kwenye maji ya kina kifupi wanakozaliwa, akawazoa, akawapasua, akawatia chumvi na kuwafunga kamba kama kuni. Nikamrudisha gazetini. Ulafi gani huu wa kula hadi mbegu?

"Mkwe, hawa sipiki," nikasema.

"Wameoza?"

"Ni vichanga. Tazama kitovu hiki."

Akatazama, akaguna. "Wakubwa wako wapi siku hizi, mkwe wangu? Nimewatafuta mpaka miguu imevimba. Na huyo anayelia ndani si kichanga? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Nikamwambia papa haleti maziwa, yanaletwa na kunyonyesha na kula vizuri, na kwamba nitachinja kuku. Akajifunga kanga upya.

"Ukikataa papa wangu narudi Mzenga leo hii. Na mtoto akidhoofika, msinitafute."

Binti akatoka chumbani, mtoto begani, bado analia kwa ile sauti iliyokwisha. Akamchukua papa mmoja, akamtazama pale kitovuni kwa muda. Nilidhani amenielewa, na naamini alinielewa.

"Mama, pika," akasema. "Siwezi tena kumsikia hivi."

Nikapika. Nilikuna nazi, nikachuja tui, nikamwaga maji ya chumvi mara mbili. Vile vichwa havikutaka kuingia chunguni, vilikwama ukingoni kwa upana wake, nikavisukuma kwa mwiko huku nimeuma meno. Nilijichukia, nikamchukia mchuuzi, nikamchukia na yule mwenye nyavu. Binti alikunywa bakuli la kwanza, akaomba la pili.

Asubuhi maziwa yalikuja, yakalowesha gauni lote. Mtoto alinyonya mpaka akalala mdomo wazi, nami nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Nilitaka kumwambia mkwe kwamba si papa, ni kule kunyonyesha kwa siku zote zile. Lakini tayari alishafungua pindo la kanga, akatoa simu na kumpigia mchuuzi.

"Niwekee fungu jingine," alisema. "Usiniletee wakubwa hata ukiwapata. Nataka wadogo wale wale, wenye kitovu. Hao ndio wenye dawa."