Paukwa Kwenye Ukumbi wa Waayalandi

Mzee mmoja mwenye asili ya Ayalandi, mwenzangu kiwandani Tonawanda, alinialika kwenye ukumbi wa mtaa wao, hapa Buffalo, mji wa ughaibuni nilikohamia, siku ya kusomeana hadithi za mababu zao. Walisoma vitabuni, na wasikilizaji walikaa kimya kama watu walio kwenye mtihani.

Nikaombwa hadithi ya kwetu. Nikasimama, nikaita kama tulivyokuwa tukiita kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania: “Paukwa!”

Wakanitazama tu kwa adabu. Nikakasirika, mimi siusimulii ukuta hadithi.

“Nikiita hivyo, itikieni ‘Pakawa!’ La sivyo, naketi.”

Wakanong'ona. Nikaketi.

Hapo ukumbi mzima ukalipuka: “Pakawa!” Nikasimulia mpaka jasho likanitoka.

Baada yangu ikawa zamu ya yule mzee. Alifungua kitabu chake, akatutazama, akakifunga. Kisha akanguruma: “Paukwa!”